Mihogo ya Baba Jeneza

Jumamosi, 12 Machi 1955
Kazi ya ukarani hadi saa sita. Magunia ya kahawa, vumbi, patron, mkubwa wa kazi, kufoka bila sababu. Nimenunua samaki na gazeti la parokia, lile la kurasa chache. Kwa kawaida nafungia sabuni. Leo nimelisoma. Kuna hadithi ya mtu anayejiita Baba Jeneza. Mwizi anakimbizwa, anajibana na maiti ndani ya jeneza, wanapigilia misumari bila kujua. Njiani kwenda makaburini anakohoa. Mjane anawaambia wabebaji: endeleeni tu, marehemu alikuwa na kifua toka zamani.
Nimecheka mpaka Vero, mke wangu, akatoka jikoni. Nikamsomea. Hakucheka. Alisema mboga ya pondu iko tayari.
Mtu gani huyu? Lazima nimjue.

Jumamosi, 19 Machi
Nyingine. Mganga anauza dawa ya kuzuia kifo, anajisifu kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Ee Mungu wangu.
Namshuku jirani, Tonton Dési, fundi seremala. Anatengeneza majeneza. Nani mwingine anajua misumari vile? Ana penseli sikioni kutwa nzima. Penseli ya nini? Na anapenda kunitazama juu ya ua, kama mtu anayenipima.
Vero hayupo, yuko fuaye, darasa la wanawake kwa masista, kushona. Siku hizi haendi Jumatano tu. Gauni analosema anashona bado sijaliona.

Jumamosi, 26 Machi
Nimechafuka moyo. Hadithi ya leo: Bwana Karani. Anafuta kiti kwa leso mara mbili kabla ya kukaa. Ananusa samaki kwanza, ishara ya msalaba baadaye. Mbele ya wageni anamwita mke wake Madame. Wageni wakitoka, anamwita "we".
Ni mimi! Mimi mwenyewe, na leso yangu!
Mke anatoa mihogo michungu majini kabla sumu haijatoka, anatwanga, anapika kwanga. Bwana Karani anakufa. Ndugu zake wanakuja kumlilia, mjane anawapa kwanga ileile. Kilio kinapungua sauti moja moja, mpaka mtaa unapata kulala.
Sikucheka. Pale kwenye mtaa kulala, kidogo tu.

Jumatatu, 28 Machi
Jana Vero alimpelekea Dési sahani ya chakula. Walikuwa wanacheka kwenye ua. Nilipotokea, kimya. Donc, mmoja anasimulia, mwingine anaandika. Na je, kama hawataishia kwenye kuandika?
Nimechungulia beseni la mihogo. Sikumbuki aliiloweka lini. Nimeinua kichwa, Vero amesimama mlangoni, ananitazama.

Jumatano, 30 Machi
Nimemwambia ni Kwaresima, nafunga. Nimekula ndizi za kukaanga pale kivukoni, nimesimama kama mtoro wa shule. Mfungaji gani huyu ana mafuta kwenye shati? Vero amelifua.

Jumamosi, 2 Aprili
Wiki hii hakuna hadithi. Ni vibaya zaidi. Mtu akinyamaza anapanga.
Vero analia akikunja nguo. Najua kwa nini. Kwetu mume akikataa chakula cha mkewe amekwisha kumshtaki kwamba ni mlozi, hata kama hakufungua kinywa. Wanawake pale bombani wananyamaza akifika. Ukoo wake ukisikia, watakuja kumchukua.
Sitaki aondoke. Wala sitaki kufa.

Jumanne, 5 Aprili
Dési ameniita kwenye ua. Ana gazeti la wiki iliyopita, amelishika kichwa chini. "Mukubwa, unisomee. Banasema kulikuwa kisa ya jeneza, mi sikusomaka." Hajui hata herufi moja! Penseli ni ya kuchora mbao. Nilimsimulia kile cha mwizi, akacheka mpaka akakaa juu ya takataka za randa. Halafu akakasirika: jeneza gani linaingia watu wawili, fundi huyo aliiba mbao za nani?
Na zile sahani? Vero anampelekea kwa sababu mkewe yuko kwao, amejifungua. Mtaa wote unajua, isipokuwa mimi.
Nimejitesa bure. Lakini sasa nani?

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka
Kwaresima imekwisha, na kisingizio changu nacho. Tonton Alfonsi, baba mdogo wa Vero, ametoka Ubundu kwa treni. Meza ikaandaliwa: kwanga, pondu, samaki. Tonton hakugusa.
"Mukwe, tunasikia haukule kwa mutoto yetu. Kama uko na neno, ulitoe hapa mbele yangu."
Ningelitoa, kesho angerudi Ubundu na Vero. Vero alinitazama. Hakuniomba kitu.
Nilifuta kiti. Nikakaa. Nikala. Jasho likanitoka mpaka kidevuni, nikala. Nikaomba nyingine. Ndipo Tonton akanawa mikono ale. Akasema: bon.
Nimeogopa vibaya sana.

Jumatano, 13 Aprili
Niko hai. Tumbo salama. Tonton amekwisha kurudi. Vero amekwenda fuaye anaimba.

Jumamosi, 16 Aprili
Baba Jeneza amerudi. Bwana Karani hakufa, kumbe alizimia tu. Anakula mbele ya wakwe, jasho linadondoka ndani ya pondu, mke anafurahi kwamba ameokoa chumvi. Anaomba nyingine kwa hofu, si kwa njaa. Mwisho mke anamwacha aishi, kwa maana maiti haichekeshi.
Nimeisoma nimesimama barabarani.
Dési hakuwemo chumbani mle. Tonton yuko Ubundu. Tulikuwa watatu tu.
Na lile gauni ambalo sijaliona mpaka leo.
Nimecheka, nimeona haya, nimecheka tena. Watu wamenipisha njia. Nimepita dukani, nimenunua wino na karatasi, nimeviweka ndani ya kikapu chake cha kushonea.

Jumapili, 17 Aprili
Misa. Mvua kidogo. Wino na karatasi havimo tena kikapuni.
Mchana ameleta kwanga. Sikufuta kiti. Nikasema: Vero, mihogo hii imelala majini siku ngapi?
Akasema: "Tutajua kesho."
Nikala.