Kisanduku Kwenye Jina la Tzu-yao

Shangazi Hsiu-lan, nakuandikia kabla ya Ijumaa kwa sababu baada ya hapo sitaweza tena kurekebisha, na mpaka sasa mshtuko haujanitoka.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Tainan, na ndiye niliyetengeneza ukurasa wa wahitimu kwenye tovuti ya shule, na kwa kuwa faili la fonti niliyoipenda, lenye maumbo ya herufi zote za Kichina, lilikuwa zito mno nililipunguza, nikabakiza zile herufi elfu chache tunazofundishwa darasani, ukurasa ukawa unafunguka mara moja na Mwalimu Kuo akanisifu mbele ya wenzangu. Jumamosi ukaonyeshwa ukumbini, wazazi wote wamekaa, majina yakapita vizuri hadi kwa rafiki yangu Tseng Tzu-yao, na mahali pa herufi yake ya mwisho pakatokea kisanduku kitupu chenye mistari myeusi. Tzu-yao alizaliwa mgonjwa, na mpiga ramli ndiye aliyemchagulia herufi hiyo adimu ili imshike duniani. Bibi yake akasimama. "Nyie walimu, jina la kuzungushiwa mistari myeusi ni la marehemu. Mjukuu wangu huyu hapa, anatafuna karanga."

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu aliponiuliza nikasema, "Ni kompyuta ya ukumbi, Mwalimu," naye akaniamini. Tzu-yao akaniuliza, "Wewe, uliujaribu hata kwenye simu moja?" Nikasema ndiyo. Sikuujaribu. Niliutazama kwenye kompyuta yangu tu, ambamo fonti nzima imo, kwa hiyo kwangu jina lilionekana kamili.

Jana Mwalimu akamwambia, "Binti, tuweke herufi nyepesi inayotamkwa vivyo hivyo, tusisumbuane." Ijumaa orodha inatoka hivyo. Tzu-yao akajibu, "Sawa, Mwalimu," kisha akaniambia kwa upole, "Labda jina langu ndilo lenye matatizo." Hapo nilishtuka kuliko Jumamosi. Mwalimu ameahidi kunipendekeza kwenye chuo cha kompyuta. Nikisema ukweli, bado atanipendekeza?

Pei-hsun

Pei-hsun, niliposoma barua yako hadi kwenye maneno ya yule bibi niliweka kikombe cha chai chini, na sikukinywa tena.

Kupunguza fonti si kosa, mwanangu. Sote tunaojenga tovuti kwa herufi zetu hufanya hivyo, la sivyo msomaji atasinzia akingoja. Ila ulipunguza kwa kufuata kitabu cha shule, wakati ukurasa wenyewe ni wa majina ya watu. Tangu lini wapiga ramli wa Tainan wakachagua majina kitabuni? Hilo ni la kufundishwa. La kumwacha mwenzako abadilishwe jina ili wewe ubaki na sifa, hilo unalijua bila mwalimu, na limenishtua.

Leo ukitoka masomoni, chukua majina yote ya wahitimu, uipunguze fonti upya kwa kufuata hayo. Nyuma yake, kwenye msimbo wa ukurasa, taja fonti ya pili, ile iliyomo tayari kwenye simu za watu, ili herufi ikikosekana huku ipatikane kule. Kisha ondoa fonti nzima kwenye kompyuta yako uufungue ukurasa kama mgeni, halafu uufungue kwenye simu ya mama yako. Ukiona sawa, mpelekee Mwalimu Kuo, umwambie, "Nilidanganya." Kama atakupendekeza sijui. Mwambie hata hivyo.

Lakini anza na Tzu-yao. Mweleze ulichofanya, kisha mwombe akuandikie jina lake kwa mkono. Herufi ile ina mistari mingi. Usimharakishe.