Vitabu Vyako Chini ya Kitanda

Lurambi,
Kakamega.
9 Novemba 2024.

Mpendwa dada yangu Nekesa,

Pokea salamu kutoka nyumba hii yenye matope mlangoni. Mvua ya vuli haijatupa nafasi ya kuanika hata leso. Afya yako je? Na ile baridi ya Leeds, bado inakuuma mifupa ukitoka zamu ya usiku? Sisi tu wazima, ila Mama, na habari zake zinakuja.

Kwenye simu tunaulizana hali tu, halafu unaitwa kazini. Jambo hili halisemeki mbiombio, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza unicheke. Tabia yangu ya vitabu haijapungua. Yule muuza vitabu vikuukuu wa pale sokoni bado anatandaza turubai lake, nami bado siwezi kupita bila kuinama. Nikinunua, nakificha kitabu chini ya sukuma wiki kikapuni ili mume wangu asikione. Unamjua Wanzala, si mkali. Anatazama kikapu tu na kuuliza, "Leo sukuma imekuwa nzito?" Afadhali angenigombeza. Juzi dukani nilikuwa na riwaya wazi chini ya kaunta, mteja akaomba dawa ya kuku, nikamfungia mbegu za nyanya. Na obusuma niliyoisonga hadi ikaungua, ugali wa nyumba nzima, kwa sababu ya kumalizia sura, hata sisemi.

Lakini kuna jambo ambalo hata Wanzala hakulijua. Kila riwaya inayonigusa, naitafutia nakala ya pili, ambayo ni yako. Naitia kwenye katoni chini ya kitanda cha wageni, kile tulichosema utalalia ukija. Siku nikikukosa sana, ndiyo siku ninayonunua. Sasa ufagio haupiti tena chini ya kitanda hicho.

Mwezi uliopita Mama alikuja kutoka Chekalini. Alikuwa ametuficha sisi sote: macho yake yamefifia. Niligundua alipomimina chai nje ya kikombe na kuendelea kumimina. Daktari alisema jicho la kushoto limekwenda, la kulia lina mtoto wa jicho na linaweza kupasuliwa. Amepangiwa Januari.

Nilimlaza chumba cha wageni. Asubuhi akawa anatafuta viatu kwa mguu, akagonga katoni.

"Hii ni nini?"

"Vitabu, Mama. Vya Nekesa."

"Nekesa amekuja?"

"Hapana. Namnunulianga tu."

Nilingoja anikemee, maana tangu zamani husema kitabu hakijazi tumbo. Badala yake akaketi kitandani. "Basi nisomee kimoja. Ama nitashinda hapa nimekaa kama gunia?"

Nikachukua kilichokuwa juu. Ni hadithi ya binti aliyeolewa ng'ambo, na mama yake aliyebaki akimngojea. Nilimsomea kila nikitoka dukani, Kiswahili kikiwa kigumu namgeuzia kwa lugha yetu. Mama aliiacha hata redio yake. Nikichelewa, ananiuliza kabla sijavua viatu, "Yule mama amepata habari za mtoto wake?"

Dada, mimi nilikuwa nimeshasoma nakala yangu. Nilijua mama yule anakufa, na binti anafika akakuta kaburi. Tulipofika hapo nilimtazama Mama, uso ameuelekeza dirishani, mikono imetulia mapajani, nikashindwa. Nikatunga. Nikasema binti alifika jioni, na mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe, akamjua kwa jinsi alivyovuta lango. Wakaingia jikoni, wakachinja ingokho, kuku wa mgeni, na hakuna aliyemuuliza mwenzake mbona ulikawia.

Mama akasema, "Hapo hukugeuza karatasi hata moja. Nilikuwa nasikiliza."

Nikakifunga kitabu.

"Soma tena hapo aliporudi," akasema.

Nikasoma tena, Nekesa, kitabu kikiwa kimefungwa. Tangu siku hiyo anaitaka sehemu hiyo kila jioni, na kila mara anaongeza chake. Mara binti amekonda, mara nywele zake zimeingia mvi na mama anazishika kwa mkono kuhakikisha. Wanzala naye huja kusimama mlangoni asikilize. Siku hizi haulizi tena habari za kikapu.

Mama hajanituma nikuandikie. Amenikataza hasa, anasema usisumbuliwe kazini. Naandika kwa hiari yangu. Najua ruhusa ni ngumu na safari ni ndefu. Usipoweza kuja sitakulaumu, nitaendelea kumsomea. Lakini mimi nina maneno tu ya kumpa, na siku watakapomfungua bandeji atataka kuona.

Wanzala anakusalimu, na Natasha wetu, ambaye sasa ananipita kimo, anauliza kama bado unamkumbuka. Msalimu Mike mwanao, umwambie nyanya yake anamtaja kila akiomba kabla ya chakula.

Mungu akulinde katika nyumba za watu unakowauguza wazee wao, na akufungulie njia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Nekoye.