Masikio ya Kuazima

Jumatatu, 3 Novemba
Mazoezi ya kwaya yamekwisha, nyaya nimekunja. Umeme ulikatika tena kwenye wimbo wa tatu, tukaimba gizani kama tulivyozoea. Kinasa sauti changu kina betri, kikaendelea kunasa.

Maestro Anselme, kiongozi wetu, amenikabidhi kikasha. Ndani, visikilizi vya kuingiza sikioni, vile vya wanamuziki wakubwa. Mfanyabiashara wa Lubumbashi ametuazima tuvijaribu. Parokia inavitaka kwa kurekodi. Mimi fundi wa sauti ndimi wa kusema kama vinastahili bei yake. Bei siiandiki.

Jumanne, 4 Novemba
Mwanzoni sikuvipenda. Vinaziba mpaka nasikia meno yangu yakitafuna bukari, ugali wetu. Nikaweka vile vipira vidogo vya kwenye ncha: besi ikakonda. Nikarudisha vikubwa: besi ikakaa. Haivimbi, haifuniki wengine. Kinanda kushoto, ngoma nyuma, kila mtu na nafasi yake.

Nimesikiliza misa ya Pasaka niliyoinasa mwenyewe. Kuna benchi linalia. Kuna mtu anakohoa karibu na mlango. Sikuwahi kujua. Vero, mke wangu, amenicheka nilivyofumba macho. Eti nafanana na mtu anayeungama.

Alhamisi, 6 Novemba
Maestro kanifuata karakana, kazini. Tunarekodi Jumamosi ya wiki ijayo, na kati ya wanawake wa alto, sauti ya pili, kuna mmoja anashusha sauti na kuvuta wenzake.

"Weye sasa iko na masikio ya bei. Sikiliza, uniambie ni nani. Ule muntu atabakia inje siku ya kurekodi."

Nikakubali hapohapo, na kifua mbele. Mpumbavu mimi.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimesikiliza mazoezi ya Jumatatu. Mara ya kwanza nilijua. Mara ya pili nikaomba niwe nimekosea.

Ni Vero. Mwisho wa kila mstari mrefu anateremka kidogo, kama mtu anayekaa kabla kiti hakijafika. Miaka yote hii, kwa masikio yangu ya kuzaliwa, nilisikia tu sauti ninayoipenda.

Nimevichukia hivi vidude. Nimejiambia vina kasoro kwenye sauti za kati. Uongo. Sauti za kati ndizo nzuri kuliko zote.

Alipika sombe, majani ya muhogo. Nikala bila kumtazama. Akauliza kama masikio yananiuma. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Novemba
Misa. Vero ndani ya kitenge cha kwaya, alichokipiga pasi jana akiimba. Ni kwenye kwaya hii nilimwona mara ya kwanza. Wakimtoa hatalia mbele za watu. Atapika, atafua, atanyamaza. Nyumba yenye Vero aliyenyamaza siiwezi.

Nimemwambia Maestro bado nasikiliza.

Jumatatu, 10 Novemba
Mama mdogo wa Vero amefariki Kambove. Vero ameondoka asubuhi na kifurushi chake. Gracia ni binti yetu, kwa hiyo mimi ni baba yake hata kwenye maagizo: "Papa Gracia, usikose mazoezi. Na ile masikio yako uitoshe, uiweke kando, ukilala."

Mazoezi bila yeye. Umeme ukakatika. Maestro akahesabu gizani, alto wakaingia mmoja mmoja, wimbo wanaoujua tangu zamani. Wakarudia. Vibaya zaidi. Maestro akalaumu mvua kwenye mabati. Nimenasa yote.

Jumanne, 11 Novemba
Nimelinganisha Jumatatu mbili. Nimeongeza sauti hadi mwisho.

Kabla ya kila ubeti, ile ya kwanza ina pumzi, ya pili haina. Nzito, ya puani. Ya Vero, nalala karibu nayo. Halafu wanawake wote wanaingia pamoja. Gizani mkono wa Maestro hauonekani. Kwa miaka ya umeme huu wetu, wamejifunza kufuata pumzi yake. Wao hawajui. Yeye hajui. Kwenye spika zetu haisikiki hata kidogo. Humu kwenye visikilizi ipo.

Nimelia. Basi.

Jumatano, 12 Novemba
Nimempelekea Maestro kinasa na visikilizi. Nimesema yote mawili: anayeshuka ni mke wangu, na sikiliza hii. Amesikiliza Jumatatu zote mbili, akarudia. Amevitoa sikioni polepole.

"Kumbe ni yeye anatuingizaka."

Ameamua: Vero ataimba. Mistari mirefu aikate mapema. Nani atamwambia? Mimi, bila shaka. Nimwambieje?

Ijumaa, 14 Novemba
Amerudi, macho mekundu. Nikangoja ale. Nikamwambia bila kuzunguka.

"Kumbe weye njo ulinisema?"

Nikamvalisha visikilizi. Akajisikia anavyoshuka, akakunja uso. Aliumia, nilimwona. Kisha nikampigia ile pumzi, na wenzake wakiingia nyuma yake. Kisha mazoezi ya Jumatatu aliyokuwa Kambove, wenzake wakiingia mmoja mmoja. Akashika shavu.

"Miye napumuaka hivi?"

Nikacheka. Akanipiga bega. Yeye pia akacheka, huku machozi yanatoka, ya marehemu na ya haya mengine.

Jumamosi, 15 Novemba
Tumerekodi. Umeme ulikatika wimbo wa pili, hakuna aliyenyamaza. Alto waliingia pamoja kila ubeti. Vero alikata mistari yake yote mapema, isipokuwa mmoja. Maestro alinitazama. Huo tumeuacha ulivyo.

Jumapili, 16 Novemba
Visikilizi vimerudi Lubumbashi. Nimevisafisha kwa kitambaa cha miwani. Hukumu yangu: besi ya adabu, sauti za kati hazina mpinzani, masikio yanachoka baada ya muda, bei ni wazimu, na vinastahili. Parokia haitaviweza. Maestro alishukuru, akabadili mazungumzo.

Jioni. Vero yuko uani anaosha vyombo. Sufuria zinagongana, zinatulia. Halafu ile pumzi, na wimbo unaanza. Nimeisikia kutoka hapa mezani.