Utando wa Sosthenes

Mutuka, Babati
Jumapili

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Naamini barua hii itakukuta huko machimboni ukiwa mzima, na kile kikohozi kimepungua. Sisi tumeruhusiwa hospitali, tupo nyumbani. Mama anatembea taratibu kwa sababu ya mshono.

Kwenye simu uliambiwa kwa haraka kwamba niliungua jicho, nami nataka ujue vizuri. Nilikuwa napaka chokaa chumba cha mtoto tuliyemsubiri, ikanirukia jichoni. Bibi Katarina alimwita jirani, Mama Jesse, anayenyonyesha, akanikamulia maziwa jichoni, kisha wakalifunga kwa kitambaa. Walifanya kwa upendo. Mama aliporudi kutoka kliniki ndipo akanimwagia maji mengi, lakini chokaa ilikuwa imeshakula jicho.

Hospitali, Daktari Eliakunda alisema jicho linaweza kutoboka. Alitaka kulifunika kwa ule utando laini unaomzunguka mtoto tumboni, ambao hutoka pamoja na kondo la nyuma. Unashonwa juu ya jicho ili kidonda kipone chini yake, halafu unayeyuka polepole. Mama naye alikuwa amelazwa kwa presha, akisubiri kujifungua kwa upasuaji. Bibi alimwambia daktari kwamba kondo la nyumba yetu huzikwa likiwa zima, akamuuliza kama hospitali imeishiwa viraka. Daktari alicheka kidogo, akamwita Bibi “mama yangu mkubwa” kwa heshima, akasema atamwomba mzazi mwingine.

Mdogo wangu Sosthenes alizaliwa kabla ya wakati wake. Muuguzi alimbatiza, na kabla ya jioni akafariki. Mimi nikashonewa utando. Bibi alibeba kondo kwenye ndoo, akalizika nyuma ya zizi. Tangu hapo anamuuliza Mama kama lilikuwa zima, na Mama anajibu ndiyo. Ukija, Bibi atawaita wazee ili Mama aulizwe mbele yako.

Baba, halikuwa zima. Utando ulio jichoni mwangu ni wa Sosthenes. Mama alikubali akiwa bado anamsikia akicheza tumboni, akapimwa damu, akaniomba nisimwambie mtu. Daktari amesema mapafu ya mtoto hayakuwa yamekomaa, na kwamba utando ulikatwa baada ya yeye kuzaliwa, kazi yake ikiwa imekwisha. Namwamini. Lakini Bibi akilia, ninageuza uso.

Juzi bandeji ilifunguliwa. Ninaliona dirisha, na mtu akisimama mbele yake naona kivuli. Daktari hakuahidi zaidi ya hapo. Mimi natumaini nitasoma.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeubeba. Ila siku wazee watakapomuuliza Mama, naomba uende ukakae naye kwenye benchi lake kabla hajajibu.

Mama anakusalimu sana, na Bibi pia. Mungu akulinde huko chini ya ardhi.

Mwanao akupendaye,
Anjela