Mayai ya Mgeni Kutoka Geita

Kahama, Jumatano

Mpenzi Asteria,

Nadai waziwazi, na nitaitetea hoja hii hadi mwisho: mwanamke akimkaangia mwanamume mayai kwa mboga alizozipanda mwenyewe, hajampa chakula tu, amempa matumaini.

Huku mvua imenyesha, na usaili wa kazi ulikwenda vizuri. Mama mfikishie shikamoo yangu. Lakini mdogo wako Juliana amenipigia simu akicheka: "Shemeji, yule Magesa mnunuzi wa dhahabu kakaa jikoni na dada, kala mayai yake mpaka kafuta sahani kwa chapati! Tena yamejaa hoho za bustanini."

Hoho zipi, Asteria? Zile nilizozimwagilia likizo nzima kwa ndoo za maji ya bwawani, mimi mwenye shahada? Siku zote hizo ulinilisha ugali na mlenda, ukisema, "Vumilia, Ngassa, kuku wamegoma kutaga." Nikakuamini. Kumbe walikuwa wakimsubiri Magesa?

Usijitetee kwa ukarimu. Desturi yetu naijua: mgeni huandaliwa chakula na mama, akala na baba. Hakai jikoni akimtazama binti akikatakata vitunguu.

Naumia, na sitaki kubembelezwa kwa ujumbe wa simu. Jumapili nakuja huko kwenu Tinde. Kwaya yenu ikimaliza kuimba kanisani, simama mbele ya wenzako wote useme mchumba wako ni nani: mimi au Magesa.

Ngassa