Rudia Mpaka Acheke

Kemunto, wacha kuchambua mboga unisikie! Hemlata wa duka la mabati amenihadithia sasa hivi juu ya bwanake Mukesh na yule Ravi fundi wa kompyuta. Mwaka wa tisini na saba, hapa hapa Kisii mjini.

Ravi alikuwa amemtengenezea Mukesh programu ya kompyuta ya kuuzia dukani. Mukesh akagoma: "Bila kitabu cha maelezo, kijana, rudi nayo kwenu."

Na Ravi alivyo mvivu wa kuandika! Akaiamuru kompyuta ijitungie kitabu yenyewe, itie na mifano yote aliyoiandika ndani ya programu, isikate hata mmoja. Akasahau kuna mfano aliouandika kwa mzaha:

"Mwenye duka akinuna, mpe chai. Rudia mpaka acheke."

Kompyuta ikaurudia kurasa tatu, mama! Chai, rudia. Chai, rudia.

Ravi akakileta dukani. Sasa Anyiko, karani mgeni wa Mukesh, akakisoma akadhani ni sheria ya duka. Mukesh akanuna, akaletewa chai. Akanunia ile chai, ikaja nyingine! Ravi yuko pale kwenye kaunta, anaona kazi yake inazama kikombeni.

"Wewe Anyiko, nani amekutuma?"

"Kitabu, mzee. Hujacheka bado."

Eti hujacheka bado! Mukesh akakichukua kitabu, akasoma, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaegemea mabati.

Anyiko akaweka birika chini. "Imekubali."

"Ravi," Mukesh akasema akijipangusa macho, "mifano punguza. Programu nachukua."

Siku hiyo Ravi alilala mapema kama mtoto. Mukesh, na chai yote ile tumboni, usingizi ulimpata majogoo wakiwika.