Halo-Halo na Waya wa Kuanikia Nguo

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuachie kiti chako, Halo-Halo, na nyumba bado inasikika kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili.

Ulikuwa fundi baiskeli, lakini baiskeli zilikuwa kazi tu. Penzi lako lilikuwa kile chombo ulichokiunda ndani ya mkebe wa biskuti, kwa vali za redio iliyotupwa na kipaza sauti cha simu mbovu. Leseni ya kurusha mawimbi uliitundika ukutani, juu ya cheti cha ndoa. Mkeo akavibadilisha nafasi. Ukavibadilisha tena.

Redio za mtaa mzima ulizitengeneza wewe. Ukiulizwa malipo, unajibu, "Nisalimie wa nyumbani." Kila moja ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na skrubu pungufu na sauti zaidi.

Kilichokosekana ni antena. Ukafungua waya wa shaba kwenye mota iliyoungua, haukutosha, ukauunga na waya wa mkeo wa kuanikia nguo, kutoka tangi la maji hadi paa la jirani. Mdogo wako, anayeandika haya, anaapa kwamba sufuria ya jirani ilisoma taarifa ya habari mpaka chakula kikaungua. Jirani anakana, lakini yule naye alikuwa kiziwi.

Miezi mitatu uliita, "Halo, halo, kuna mtu?" Kimya. Watoto wakakupa jina, ukaliitikia. Mkeo, ambaye nguo zilikuwa zikimkaukia juu ya viti, akakuwekea siku: isipopatikana sauti Jumapili, waya urudi kazini kwake. Ulicheka mbele yake. Kwa mdogo wako ulinong'ona, "Pengine kweli nazungumza na mkebe."

Jumapili mchana akatoka na beseni.

"Mama watoto, dakika tano tu."

"Dakika zako tano zina miezi mitatu, baba."

Akaanika shuka la kwanza, bichi, zito. Waya ukainama, na mkebe ukakohoa: "...nakusikia..."

Uliruka. "Usilitoe! Ongeza jingine!"

"Leo ndiyo umependa ufuaji!"

Akaongeza. Sauti ikanyooka kama ya mtu aliyekaa sebuleni. Alikuwa fundi saa, mipaka mitatu kutoka kwetu. "Bwana wee, wiki tatu nakujibu! Nikadhani una maringo."

Maneno uliyoyafanyia mazoezi miezi mitatu yakakukimbia yote. Machozi tu. Mkeo akafuta mikono kwenye gauni, akakunyang'anya kipaza sauti: "Shemeji, subiri kidogo, mwenyewe analia. Wa huko hawajambo?" Wakapiga soga mpaka betri ikafa. Hukupata kusema hata neno moja, na hatujawahi kukuona ukitabasamu vile.

Baadaye uliwaita wengi, wakaitika. Mwaka huu tunaoita ni sisi. Kama unajibu nasi hatukupati, usijali, hatutasema una maringo.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mdogo wako, binti zako wawili, mkweo, wajukuu wanaogombania mkebe, na fundi saa, ambaye mkeo hadi leo anamwita shemeji.

Daima tutakukumbuka, Halo-Halo, na masikio tumeyaacha wazi.